Kupoza woti katika mji usio na maji ya baridi

Ukizima moto chini ya sufuria ya woti, umemaliza nusu ya kazi tu, na kwa sisi tunaopika bia nyumbani sehemu zenye joto, nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Woti ni yale maji matamu ya kimea cha shayiri yaliyochemshwa pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kabla hayajatiwa hamira. Ikiwa inatokota, hakuna kijidudu cha kuiharibu bia kitakachostahimili humo. Lakini hamira nayo ni kiumbe hai, huwezi kuitia kwenye kitu chenye nyuzi 100. Joto lazima lishuke hadi 18 au 20 kwa bia nyingi za aina ya eli, na hadi 10 hivi kwa laga, bia inayochachushwa kwenye baridi. Katika safari hiyo ya kushuka ndipo nilipojifunza mengi kuliko mahali pengine popote kwenye kazi hii, na nayaandika kwa ajili ya wenzangu wanaopika, au wanaofikiria kuanza, huku bomba lao likitoa maji ya vuguvugu.

Naishi Houston, Texas. Marekani imeruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao tangu sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Kaya yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, karibu lita 760, bila kodi, mradi isiuzwe. Lakini upishi wa pombe niliujua kabla ya kufika huku, maana nimekulia Moshi, na kwetu mbege ilikuwa kazi ya nyumbani kama kazi nyingine. Bibi hakuwa na haraka ya kupoza kitu. Ndizi mbivu zilichemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zipoe zenyewe na kukaa siku kadhaa zichachuke, ndipo maji yake yakachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Hakununua hamira. Ilitoka hewani, kwenye chombo na kwenye kimea chenyewe.

Kwa nini basi mimi nihangaike na barafu na mabomba ya shaba, wakati bibi aliacha tu chungu kikapoa? Jibu nililolipata ni muda. Mbege hunywewa ingali hai, siku moja au mbili baada ya kuchanganywa, kabla uchachu haujazidi. Bia ya shayiri hukaa wiki tatu, wiki sita, nyingine miezi. Kijidudu ambacho kwenye mbege hakipati nafasi ya kuleta madhara, kwenye chupa ya bia kina muda wote kinaoutaka. Bibi alikuwa sahihi kwa pombe yake, na utaratibu wake haukuwa wa kubahatisha hata kidogo. Mimi napika kitu kingine.

Wako pia Wazungu wanaoacha woti ikapoa wazi mpaka leo. Brussels, kiwanda cha Cantillon humwaga woti ya moto kwenye beseni pana la shaba, lenye kina kifupi, na kuiacha usiku kucha hewa ikipita juu yake. Hewa hiyo inaleta hamira za mwituni, na kinachopatikana ni bia ya lambiki. Lakini tazama sharti lao: hufanya hivyo miezi ya baridi tu, tangu kama Oktoba mpaka Aprili hivi, kwa kuwa usiku wenye joto huleta bakteria wasiotakiwa kwa wingi mno. Bavaria nako, amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29. Wakati huo hakuna aliyejua bakteria ni nini, ila walishaona kwamba bia ya kiangazi inaharibika. Kilichowaondolea kifungo hicho ni mashine za ubaridi, na jina kubwa hapo ni Carl von Linde, aliyefanya majaribio yake kwenye kiwanda cha Spaten mjini Munich miaka ya 1870. Usiku wa Julai Houston una nyuzi 26 na unyevu kama wa Tanga. Hapa kuacha sufuria wazi mpaka asubuhi si jambo la kujaribu.

Haraka ina sababu nyingine zaidi ya vijidudu. Kimea cheupe, hasa kile cha Pilsner, kina kemikali ambayo ikipata moto huvunjika na kutoa dimethili salfaidi, ambayo wapikaji tunaiita kwa herufi tu, DMS. Ina harufu ya mahindi ya kuchemsha. Woti ikitokota bila kifuniko, DMS inaondoka na mvuke. Ndiyo sababu hatufuniki sufuria, na ndiyo sababu wengi wetu tunachemsha kimea cha Pilsner dakika 90 badala ya 60. Moto ukizimwa, DMS inaendelea kutengenezwa kwa muda mradi woti ni ya moto sana, lakini hakuna tena mvuke wa kuichukua. Uchungu nao unaendelea kupanda. Asidi za alfa zilizomo kwenye hopsi hugeuka kuwa chungu polepole maadamu woti iko juu ya nyuzi 80 hivi, na wakati huohuo mafuta yenye harufu nzuri yanatoweka. Ikipozwa upesi, utaona protini zikijikusanya vipandevipande kama maziwa yaliyokatika, kisha zinazama, na bia inatoka safi zaidi.

Chombo ninachotumia ni koili ya bomba la shaba, futi 50, yaani mita 15 hivi, kipenyo inchi 3/8. Unaitumbukiza kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuzima moto ili ichemke na kuwa safi, halafu unapitisha maji ya bomba ndani yake. Maji yanaingia ya baridi, yanatoka ya moto. Viungo vya mpira na koili vikae nje ya ukingo wa sufuria, vifungwe kwa klipu ya chuma, kwa maana tone moja la maji ya bomba lisilochemshwa likidondokea kwenye woti iliyopoa, kazi yote ya usafi imevunjika. Hilo ni jambo la dakika mbili kuliangalia, na mimi huliangalia kila mara kabla sijawasha moto.

Sasa twende kwenye kiini cha mambo. Koili haipozi woti. Maji ndiyo yanayopoza, na koili haiwezi kukufikisha chini ya joto la maji yako hata ungenunua ya bei gani. Mwezi wa Julai maji ya bomba kwangu husoma nyuzi 29 au 30. Sehemu kubwa ya maji ya Houston hutoka kwenye mito na mabwawa yanayopigwa na jua mchana kutwa, na mabomba yanapita kwenye udongo wenye joto. Kasi ya kupoa inategemea tofauti ya joto kati ya woti na maji: mwanzoni tofauti ni nyuzi 70, woti ikifika 40 tofauti imebaki 10, na kasi nayo imeshuka kwa kiwango hichohicho, imekuwa sehemu moja ya saba ya ilivyokuwa. Kwa hiyo ukisimama hapo na kipimajoto utaona kutoka 100 hadi 50 inachukua kama dakika kumi, kutoka 50 hadi 35 inachukua dakika nyingine kumi au zaidi kidogo, na baada ya hapo unaweza kuacha bomba wazi saa nzima, maji yanakwenda, na mshale unatambaa tu. Ukifika 31, umefika mwisho wa uwezo wa bomba. Januari, maji yakiwa nyuzi 14, koili ileile, sufuria ileile, inanifikisha 20 kwa dakika ishirini na kitu.

Watu wengi wakigundua hili hukimbilia barafu, na wengi wanaitumia mahali pasipo pake. Niliwahi kukaa na karatasi na kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hiyo imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Kushusha lita 20 kutoka 100 hadi 20 ni kuondoa joto la kilojuli 6,700 hivi. Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka na maji yake yakapanda hadi nyuzi 20, inabeba kilojuli 418. Kwa hiyo ungetaka kutumia barafu peke yake tangu mwanzo, ungehitaji kilo 16, na hapo hakuna hata chembe iliyopotea hewani. Lakini ukiacha bomba lifanye kazi mpaka 35, kilichobaki kushusha ni nyuzi 15 tu: kilojuli 1,260 hivi, yaani kilo tatu za barafu. Joto kubwa la mwanzo halihitaji ubaridi wa kununua, maji ya nyuzi 30 yanaliondoa bila taabu. Barafu ni ya nyuzi za mwisho.

Kwa hiyo napoza kwa awamu mbili. Bomba kwanza, hadi 35 au 36. Kisha nahamisha mipira: ule wa kuingizia naufunga kwenye pampu ndogo ya kuzamisha majini, kama zile za bustani zenye vidimbwi vya samaki, iliyo ndani ya kisanduku cha barafu chenye barafu na maji. Mpira wa kutokea unamwaga kwenye ndoo kwa dakika moja ya kwanza, maana maji yaliyobaki ndani ya koili bado ni ya moto na yakirudi yatakula barafu bure. Baada ya hapo narudisha maji kwenye kisanduku na yanazunguka. Mfuko mmoja wa barafu wa ratili 10, kilo nne na nusu, kwa kawaida unanitosha. Maji ya kuanzia kisanduku nayaweka kwenye friji tangu jana yake. Ukianza na maji ya bomba ya nyuzi 30, sehemu ya barafu yako itakwisha kwa kuyapoza hayo maji kabla woti haijaguswa.

Kuna jambo la pili ambalo halina gharama yoyote, nalo ni kukoroga. Watu hubishana sana kuhusu shaba na stenlesi. Ni kweli shaba hupitisha joto mara 25 hivi zaidi. Lakini ukuta wa bomba hauzidi milimita moja kwa unene, joto halina shida ya kuupita. Kizuizi kiko kwenye woti yenyewe: ile inayogusa koili inapoa, inabaki palepale, na kuizuia ile ya moto isifike. Shika kwa tahadhari mpira unaotoa maji. Kama hukorogi, utasikia maji yanayotoka yanazidi kuwa baridi, ukadhani kazi inaelekea mwisho. Koroga mara chache, maji yanarudi kuwa ya moto ghafla. Joto lilikuwepo, lilikuwa limejificha katikati ya sufuria. Tangu nilipoanza kukoroga mfululizo, au kuisogeza koili yenyewe taratibu huku na huku, muda wangu umepungua karibu nusu, na maji ninayomwaga pia. Mwiko ni wa stenlesi na uchemke ndani ya woti pamoja na koili. Joto likishuka chini ya 60 nafunika sufuria, naacha upenyo wa mwiko tu, kwa sababu kuanzia hapo kushuka chini ndipo vijidudu vya hewani vinaweza kuishi na kuzaana. Na nazima feni. Feni jikoni inapeperusha vumbi, na vumbi la nyumba ya mtu anayesaga kimea lina bakteria wengi wa uchachu.

Iko njia nyingine kabisa, ambayo ni kutopoza. Ilikuzwa na wapikaji wa Australia, nchi ya ukame ambako maji ya bomba yalikuwa na masharti ya matumizi, na kumwaga makumi ya lita kwa ajili ya bia kulionekana ufujaji. Wao hutia woti ikiwa bado ya moto sana kwenye dumu la plastiki gumu la HDPE, lenye alama ya pembetatu na namba 2, wanalikamua hewa yote itoke, wanafunga kifuniko, na kulilaza ubavu kisha kulipindua juu chini ili woti ya moto iguse kila pembe, hasa shingo na mpini. Joto la woti ndilo linalosafisha dumu. Linaachwa usiku kucha, na kesho yake linafunguliwa likiwa na joto la chumba. Naipenda njia hii kwa miezi ya Julai na Agosti, lakini nina maneno mawili juu yake.

Neno la kwanza ni hopsi. Woti itakaa juu ya nyuzi 80 kwa muda mrefu ndani ya dumu, kwa hiyo uchungu utaongezeka. Hopsi ambazo maelekezo yanasema zitiwe dakika 60 kabla ya kuzima moto, mimi nazitia dakika 45 kabla. Zile za dakika 15 nazitia moto ukizimwa. Na zile za harufu naziacha kabisa mpaka bia imeshachachuka. Kwa IPA, eli chungu yenye hopsi nyingi za mwisho, sipendekezi dumu. Kwa bia nyeusi au bia ya ngano, hutaona tofauti.

Neno la pili ni zito zaidi. Woti ina pH (kipimo cha uchachu, kinachoshuka uchachu ukizidi) ya 5.2 hivi, haina pombe, ina sukari, na ndani ya dumu lililokamuliwa hakuna hewa. Mbegu (spora) za bakteria aitwaye Clostridium botulinum hazifi kwa kuchemshwa nyuzi 100, na sumu ya kijidudu hicho huua. Kinachotulinda kwenye bia ya kawaida ni hamira, kwa kuwa ikianza kazi inashusha pH chini ya 4.6 mapema na kutengeneza pombe. Kwa hiyo dumu ni la usiku mmoja. Nimesikia watu wakijisifu kwamba wamehifadhi woti miezi kabatini kisha wakaichachusha, na haikuwadhuru. Sitafanya hivyo na sitamshauri mtu afanye. Napika jioni, natia hamira kesho yake. Na dumu lenye kilo 20 za kitu cha nyuzi 95 halibebwi na mtu mmoja, wala halipitishwi mahali wanapocheza watoto. Vaeni glavu nene, mbebe wawili, lisogezwe mara moja tu.

Halafu kuna njia ya kuchagua hamira inayokubaliana na maji yako. Magharibi ya Norwe, maeneo kama Voss, familia zimehifadhi kwa vizazi hamira iitwayo kveik, inayochachusha vizuri kwenye nyuzi 35 hata 40, joto ambalo hamira nyingi za eli zingetoa pombe kali ya kuumiza kichwa na harufu zisizopendeza. Kwa kveik ya Voss, koili na maji ya nyuzi 30 vinakufikisha unapotaka bila kipande cha barafu, na unaokoa nusu saa. Inaacha harufu ya machungwa ambayo mimi naipenda kwenye bia nyepesi. Nikiulizwa na ndugu wa Dar es Salaam au Mombasa aanzie wapi, namwambia aanze na hii. Lakini asitegemee laga safi kutoka humo, ina ladha yake.

Chochote utakachotumia, pima joto la woti yenyewe baada ya kukoroga, katikati ya sufuria, usiamini stika ya kupimia joto iliyobandikwa nje ya chombo. Na ukishapoza, ndipo utie hewa: tikisa au mwaga kwa kishindo kutoka juu. Hamira inahitaji oksijeni mwanzoni, na woti iliyopoa inaishika vizuri kuliko ya moto.

Maji ya koili siyamwagi. Ndoo mbili za kwanza yanatoka ya moto kiasi cha kuosha mapipa na sufuria bila kuwasha hita. Yanayofuata, yakishapoa, yanakwenda kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba. Wapikaji wengine huyakusanya kwenye pipa na kuyatumia kufulia. Kwa mwaka wenye ukame Texas, hiyo si hesabu ndogo.

Laga naiacha kwa Januari na Februari. Hata hapo koili inaishia 16 au 17, na kuitoa woti huko hadi 10 kwa barafu ni kupoteza fedha. Nikifika 17 naihamishia kwenye chombo cha kuchachushia, nafunga, naiingiza kwenye friji niliyoiwekea kidhibiti joto, na kuiacha usiku kucha bila hamira. Inapita salama kwa sababu muda ni mfupi na kila kilichoigusa kilikuwa safi. Asubuhi kipimajoto kikisoma 10, namimina kwa upole kwenye chombo kingine ili matope yabaki chini, naitikisa ishike hewa, natia hamira, mara mbili ya kiasi ninachotia kwenye eli.